Kipimo cha Asubuhi Kihagara

Mwalimu Edmund alikubali kulala kwenye hema kwa sababu moja tu: hema halina mwenyeji. Kama angefikia kwa ndugu yeyote pale Kihagara, ziwani, angewekewa ugali wa muhogo mbele yake, na kumkatalia mwenyeji ugali ni sawa na kumtangazia kwamba una neno naye. Hema haliulizi umekula nini.

Alikuwa mstaafu. Miaka thelathini na moja alifundisha kemia sekondari, kisha akarudi Ukata kwenye kahawa na mahindi yake. Mwezi wa tisa aligundulika ana kisukari. Muuguzi wa kliniki, Restituta, ambaye aliwahi kuwa mwanafunzi wake, alimpa vidonge na masharti: vyakula vya wanga vipungue, na sukari ya asubuhi kabla ya kula isizidi saba kwa miezi miwili mfululizo. Ikizidi, angeanza sindano za insulini, na kwa miezi ya mwanzo angetakiwa kukaa Songea karibu na hospitali kubwa, mpaka dozi ikae sawa. Kukaa Songea kulimaanisha kukosa msimu wa kupanda. Edmund hakulalamika. Alinunua daftari.

Daftari lilikuwa na safu nne: tarehe, saa, alichokula, kipimo. Miezi miwili ilikuwa inaisha Jumatatu, na hakuna namba hata moja iliyokuwa imevuka saba.

Safari ilipangwa na Violet, binti wa mdogo wake Polikarpo, anayefanya kazi ya kupokea wageni Mbamba Bay. Aliazima mahema matatu, akasema familia ishuke ziwani kuanzia Alhamisi hadi Jumapili, na Bibi aje, maana alikuwa hajaliona ziwa tangu babu afariki. Bibi Emiliana, mama yao, alikuwa na miaka themanini na mbili na jino moja. Edmund alifungasha mayai ya kuchemsha, maparachichi, karanga, kipima sukari na vijiti sita vya kupimia: vitatu vya asubuhi tatu, vitatu vya akiba.

Tatizo lilianza kwenye sinia. Wamatengo wana desturi yao ya sengu, watu wa ukoo kukaa pamoja, kula chombo kimoja na kuamuliana, na Polikarpo hakuona kwa nini mchanga wa ziwani uibadilishe. Ugali uliwekwa katikati, pembeni bakuli la mchuzi wa samaki aina ya mbasa na bakuli la majani ya maboga. Edmund alinawa, akakaa, akamega samaki.

"Kaka," Polikarpo alisema baada ya muda, "wewe unakula mboga bila chakula."

"Samaki ni chakula."

"Samaki ni mboga. Chakula ni hiki hapa." Alikigonga kilima cha ugali kwa kidole. "Sisi tunachovya, wewe unabeba. Tukifika nusu ya ugali tutakuwa tunachovya bakuli tupu."

"Mwache," alisema Scolastika, mke wa Polikarpo, ambaye ndiye aliyepika. "Shemeji ana dawa yake. Kesho nitamtengea samaki wake peke yake, na mchuzi wake."

"Usiweke unga kwenye mchuzi," Edmund alisema.

"Shemeji, umeshaniambia mara tatu. Hata samaki wamesikia."

Ijumaa asubuhi kipimo kilisoma sita nukta nne. Edmund aliandika, akafunika kalamu. Jioni Scolastika alimtengea mbasa wawili na mchuzi kwenye kisufuria kidogo. Mchuzi ulikuwa mzito kuliko wa jana, na mtamu. Alimaliza wote.

Jumamosi aliamka kabla ya jua kutoka, akashuka majini, akanawa uso na mikono. Aliporudi na kufungua kimfuko cha kipimo, mama yake alimwita kutoka kwenye mkeka. Njiani kutoka Mbinga walikuwa wamenunua ndoo ya masuku, matunda ya porini, kutoka kwa watoto wanaouza barabarani, na Bibi alikuwa ameamka akiyawaza.

"Edmundi, baba, nipasulie. Ganda linanishinda."

"Shikamoo, mama. Hujanywa hata chai."

"Marahaba. Chai itakuja. Masuku yataisha."

Alimpasulia kumi. Suku likiiva ganda lake la kahawia hupasuka kwa kubanwa kati ya vidole, na ndani kuna nyama ya njano, laini, tamu kuliko asali, inayoganda kwenye mbegu. Alizitoa mbegu moja moja ili zisimsumbue mama yake. Yeye hakulamba hata kidole, na jambo hilo lilimridhisha kwa namna fulani. Alijifuta kwa leso, akarudi kwenye kimfuko, akajichoma.

Kipimo kilisoma kumi na tano nukta sita.

Akaangalia tarehe ya mwisho ya vijiti: bado. Akaangalia daftari: mbasa wawili, majani ya maboga, parachichi nusu, mchuzi. Hakuna kitu kwenye orodha ile kinachoweza kumpandisha mtu kutoka sita hadi kumi na tano usiku mmoja. Isipokuwa mchuzi. Mzito. Mtamu.

Songea, aliwaza. Mvua zitanikuta Songea.

Alimkuta Scolastika ukingoni mwa maji, akisugua masufuria kwa sabuni na mchanga. Polikarpo alikuwa kando yake akiparua samaki.

"Shemeji, mchuzi wa jana uliweka nini?"

"Nyanya, kitunguu, karanga za kutwanga."

"Na unga?"

Scolastika aliacha kusugua. "Sikuweka unga."

"Au sukari. Kidogo, kwa nia njema."

"Sukari kwenye samaki, shemeji? Mimi ni mwendawazimu?"

"Nina kipimo. Kipimo hakina ugomvi na mtu."

Ilikuwa sentensi mbaya, na alijua ni mbaya kabla haijaisha. Polikarpo aliweka kisu chini. "Kaka, unamwambia mke wangu amekuwekea kitu kwenye chakula. Tena hapa, ugenini."

Scolastika alisuuza mikono, akajikausha kwa kanga, akamnyooshea kidole. "Nipime. Nilikula mchuzi uleule, niliukomba kwenye sufuria nilimokupakulia. Na ugali juu yake."

Edmund, pamoja na yote, aliona kwamba hoja ile ilikuwa sahihi. Kama mchuzi ulikuwa na kitu, nao watu wengine wangeonyesha angalau kidogo. Alikuwa na vijiti vinne. Alitoa kimoja.

Tano nukta mbili.

"Haya," alisema Scolastika. "Mimi naruhusiwa kula unga, na sukari sina. Wewe hujala, na unayo. Waulize vizuri hao waliokutengenezea mashine."

Kelele zilikuwa zimemwamsha Violet, naye akaja amemshika Bibi mkono, maana Bibi hakubali ugomvi upite bila yeye.

"Na mimi nipimwe," alisema Bibi Emiliana. "Scolastika amepimwa."

"Mama, vijiti ni vichache."

"Nimekuzaa wewe, nikose kijiti?"

Akampima. Mashine ilihesabu, ikaonyesha ishirini na saba nukta moja.

Violet alijua namba hizo, kwa sababu Edmund alikuwa amewaeleza wote njiani, akashika mdomo. Mtu mwenye ishirini na saba anatakiwa awe anakojoa kila saa, ana kiu, amelegea. Bibi Emiliana alikuwa amesimama wima kwenye mchanga, akimung'unya mbegu ya suku aliyokuwa ameificha shavuni.

"Nyingi?" aliuliza kwa furaha. "Nimewashinda?"

Edmund alimtazama. Kisha akakitazama kidole chake. Tone la damu lilikuwa limekaa juu ya utando wa njano, mkavu, unaong'aa kidogo. Aligeuza mkono wake mwenyewe. Kwenye mikunjo ya vidole, pembeni mwa kucha, kulikuwa na njano ileile.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amewanyima alama watoto waliotumia bomba la majaribio bila kulisuuza.

"Sabuni," alisema.

Alimwosha mama yake kwanza, kidole kwa kidole, kama anavyooshwa mtoto, akamkausha kwa kanga safi. Vijiti vilikuwa viwili. Hakufikiri sana: cha kwanza kilikuwa cha mama. Saba nukta nne, na hiyo ni baada ya masuku kumi. Mzee mzima, mwenye afya. Violet aliketi mchangani akacheka hadi machozi.

Edmund akanawa mikono yake mara mbili, akasubiri ikauke yenyewe, akajichoma kidole cha mkono mwingine. Mashine ilihesabu tano, nne, tatu, mbili, moja.

Sita nukta mbili.

Aliiangalia mpaka ikazima yenyewe. Aliketi kwenye mchanga mbichi na suruali yake safi.

"Scolastika," alisema, bila kumwita shemeji, "nimekosa. Kosa ni langu lote. Nimepima sukari ya masuku, si ya damu. Sikunawa."

"Paza sauti, Polikarpo hakusikia."

"Sikunawa!"

"Mwalimu wa kemia," Polikarpo alisema polepole, akionja kila neno. "Kaka, hiyo nitaisimulia Ukata hadi Namswea."

"Isimulie."

"Na faini?" aliuliza Bibi. Kwenye sengu aliyemsingizia mwenzake hatoki hivihivi.

Scolastika alifikiri. Kisha akatabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Mchana ugali utasonga wewe, shemeji. Wa watu wote."

Kwa hiyo saa saba mchana Mwalimu Edmund, ambaye hakuwa ameonja ugali kwa wiki nane, alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga matatu, mwiko kwa mikono miwili, akipambana na unga wa muhogo unaovutika kama mpira. Jasho lilimtoka. Polikarpo alisimama juu yake akitoa maelekezo ambayo hakuyaomba.

"Ukandamize ukutani mwa sufuria, kaka. Una madonge. Watoto watafeli."

Asubuhi alikuwa amemtumia Restituta ujumbe, akaeleza kila kitu kwa mpangilio: namba, saa, masuku, sabuni, na kwamba vijiti vimekwisha hivyo Jumapili itakuwa tupu kwenye daftari. Mtandao ulipatikana juu ya jiwe kubwa tu, na Violet ndiye aliyekuwa akipanda na kushuka na simu. Sasa alishuka mbio.

"Baba mkubwa, amejibu! Nikushikie mwiko usome?"

"Ukiachwa unaungua. Soma wewe."

"'Shikamoo Mwalimu. Ile ya masuku ifute, ya sita nukta mbili iandike. Jumapili isikutie wasiwasi. Njoo Jumatatu bila kula, nitakupima mwenyewe, lakini kwa namba hizi sindano hatuanzi. Endelea hivyohivyo na vidonge. Nimecheka sana, samahani.'"

Edmund aliendelea kusonga. Moshi ulikuwa umegeukia upande wake, na hilo lilitosha kueleza macho yake.

"Pale kwenye sindano," alisema. "Soma tena."