Ujumbe wa Dokta

Mafundi wa kompyuta wa mtaa ule hawasemi betri imevimba. Wanasema ina mimba, na wala hawacheki tena, maana kwao ni lugha ya kazi. Aliyelipenda zaidi neno hilo alikuwa fundi mmoja mnene, mwenye koti jeupe na mdomo usio na breki, ambaye wateja walimbandika jina la Dokta. Hata kwenye simu zao walimhifadhi hivyo hivyo: Dokta, basi.

Asubuhi hiyo alikuwa akiifungua laptopu ya Mwalimu, mteja wake wa miaka sita, aliyeileta jana yake akilalamika kwamba kibodi imeinuka katikati. Dokta aliigeuza kifudifudi, akafungua skrubu tisa, ya kumi akaikuta imejificha chini ya kiguu cha mpira. Akapitisha kadi ya plastiki ukingoni, vishikizo vikaachia kimoja kimoja, mfuniko ukatoka. Betri ilikuwa imetuna kama mto wa kulalia. Akachomoa waya wake kwanza, kisha akaandika ujumbe kwa madaha yake yote:

"Mwalimu, nimeshapima. Mimba ipo, tena kubwa. Naitoa leo leo, ikikaa ni hatari. Usiwe na wasiwasi."

Ilikuwa saa nne. Ujumbe ulisomwa papo hapo, lakini jibu halikuja. Shule zimefungwa, huenda Mwalimu yuko kwenye kazi za nyumbani. Dokta hakujali.

Saa tano na nusu aliingia mwanamume mmoja mrefu, mikono ya shati imelowa mpaka kwenye viwiko.

"Wewe ndiye Dokta?"

"Ndiye mimi, kaka. Karibu, kaa hapo."

Hakukaa. "Mimi ni mume wa Mwalimu."

"Ala, shemeji! Umefika wakati wenyewe, ndiyo kwanza naitoa."

Dokta hakuinua macho. Alikuwa amepitisha uzi wa kushonea chini ya betri, akiuvuta huku na huku taratibu ili ukate gundi. Betri ya namna hiyo ukiitoboa inalipuka moto usoni, na yeye uso wake alikuwa bado anauhitaji.

"Ina muda gani?" mume akauliza.

"Mimba? Kwa ukubwa huu, miezi minne, mitano. Mwenyewe hata hakugundua."

"Na wewe ndiye wa kuitoa."

"Nani mwingine, shemeji? Mkeo ananiamini mimi tu. Miaka sita hii hajawahi kwenda kwa mwingine!"

Dokta akacheka, akagundua kwamba anacheka peke yake. Akasikia komeo la mlango likisukumwa. Alipoinua kichwa aliiona mikono ya yule mtu, vifundo vya vidole vimechubuka, vibichi kabisa. Maneno yote aliyoyasema tangu mtu huyu aingie yakamrudia moja baada ya jingine, kisha na ule ujumbe, na lile jina lililohifadhiwa kwenye simu ya Mwalimu. Mungu wangu, mdomo huu!

"Shemeji, subiri," akasema. "Sogea uone. Tafadhali, sogea tu uone."

Uzi ulikata gundi ya mwisho. Akaiinua betri kwa mikono miwili na kumnyooshea.

"Hii ndiyo mimba yenyewe. Betri ikivimba sisi mafundi tunaiita hivyo. Ni utani wetu tu wa kazini. Sina lolote na mkeo, naapa."

Mume aliipokea. Akaitazama muda mrefu, akaibonyeza kwa kidole gumba.

"Usiminye!"

Akaiweka mezani polepole, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu aliyekabidhiwa kitu cha mwenyewe.

"Mwalimu yuko wapi?" Dokta akauliza.

"Nyumbani."

"Basi mpigie. Nipe niongee naye, nimwombe radhi mimi mwenyewe."

Mume hakutoa simu. Akakaa sakafuni, mgongo kwenye mlango alioufunga.

"Aliniambia ni betri," akasema. "Alirudia hivyo hivyo, betri, betri, mpaka aliponyamaza."