Mjomba Laurenti na Filamu ya Parachuti

Wazo la filamu lilikuwa langu, na ujinga wake ni wangu pia. Devotha, binti yangu mwenye miaka ishirini na mitatu, ni mwanajeshi. Alishamaliza mafunzo ya kukunja parachuti, na sasa alichaguliwa kwenda kujifunza kuruka nalo. Jumatatu alitakiwa kuripoti. Lakini sisi ni Waluguru: mtoto ni wa ukoo wa mama, na neno la mjomba halipuuzwi. Devotha alisema wazi kwamba mjomba akikataa, haendi.

Kaka yangu Laurenti, mkulima wa nyanya, alishuka kutoka Nyandira, kule mlimani, Jumamosi asubuhi, jibu analo tayari.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Huruki."

Hata chai alikuwa hajaionja! Nilikasirika, lakini kaka yangu hagombezwi akakubali. Nikaona nimlainishe. Nikaweka kwenye deki filamu ya warukaji wa angani niliyoazima kwa jirani yangu Mwaisha, ile ya mtafsiri anayeropoka Kiswahili juu ya Kizungu. Nilidhani kaka ataona raha ya kuelea. Mimi mwenyewe sikuwa nimeitazama.

Haikufika nusu saa, jamaa akaruka kutoka kwenye ndege, akavuta kamba, parachuti likatoka limejisokota. Kumbe adui yake ndiye aliyelikunja, tena vibaya makusudi. "Kwisha habari yake!" mtafsiri akapiga kelele. Laurenti akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Zima! Umeniita nione mtoto wetu atakavyokufa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Devotha hakuzima. Aliisimamisha picha, akauliza taratibu, "Mjomba, nyanya zako nani anazipanga kwenye tenga?"

"Mimi. Nani mwingine?"

"Si ungemwachia kibarua?"

Laurenti akamtazama kama mtu aliyetukanwa. Nyandira nzima inalijua tenga lake. Linateremka na mashimo yote ya barabara ile hadi soko la Mawenzi hapa mjini, na nyanya ya chini kabisa inafika haijachubuka.

"Kibarua hatakuwepo likifunguliwa," akasema. "Mbele ya mnunuzi nasimama mimi."

"Na sisi ni hivyo hivyo, mjomba. Mkubwa wetu jeshini anaokota parachuti lolote kati ya niliyokunja, ananiambia: ruka na hili."

"Nionyeshe."

Devotha akachukua shuka langu kubwa, lile la wageni, na kamba ya kuanikia nguo. Akapiga magoti sebuleni, akakunja. Kaka naye akapiga magoti, akapitisha kidole kwenye kila mkunjo, kisha akalivuruga lote.

"Tena."

Akakunja tena. Kaka akalivuruga tena. Mara ya tatu kidole kikasimama. "Hapa."

Kamba moja ilikuwa imepita juu ya nyingine. Devotha akainama, akaangalia. "Kweli, mjomba."

Nikajua safari imekufa, tena juu ya shuka langu mwenyewe. Kurekebisha pale ilikuwa kazi ya vidole viwili tu, na mimi ningefanya hivyo, ningeinyoosha haraka nikacheka. Devotha akalikung'uta shuka lote, akalitandaza, akaanza upya kwenye mkunjo wa kwanza. Hakuna aliyemwambia.

Laurenti hakugusa tena. Alimtazama mpaka alipomaliza, akainuka akishikilia magoti, akatoa simu na kumpigia Agustino, mkubwa wa ukoo wetu kule mlimani. Yeye simuni hupiga kelele, anadhani ndivyo sauti inavyofika.

"Agustino! Mpwa wangu anaruka! Ndiyo, kutoka kwenye ndege! Hapana, hakunjiwi na mtu! Anakunja mwenyewe, nimemkagua mimi!"

Majirani wote walisikia. Nikafungua dirisha, wasikie vizuri.