Mpira Uliovuka Ukuta

Uani kwetu, tulikojifunzia kriketi, ukiuvusha mpira ukuta umetoka mchezoni, na unaufuata mwenyewe kwa jirani mkali. Ndiyo maana mdogo wangu, hata kwenye timu ya taifa ya vijana, anapiga chinichini tu. Fainali, umebaki mpira mmoja, tunataka pointi sita: lazima uruke moja kwa moja nje ya uzio.

“Piga juu, we!” nilimfokea, mimi mpigaji mwenzake. “Hapa hakuna jirani!”

Alinitazama kama nimerukwa na akili. Mrushaji akaja mbio. Roho juu. Pa! Mpira ukapaa, ukavuka uzio. Tumeshinda! Nikakimbia nimkumbatie.

Hakuwepo. Alikuwa ameshaparamia uzio, anamwambia mtazamaji aliyeudaka mpira: “Shikamoo baba, naomba mpira wetu. Sirudii tena.”