Bustani ya Bondeni

Fundi Rangi alikuwa juu ya ngazi tangu asubuhi, pua kaifunga kitambaa, akichora ramani na historia ya mji kwenye ukuta wa halmashauri. Machinjio yalikuwa nyuma tu ya ofisi. Damu na mavi ya ng'ombe vilishuka kwa mtaro wazi hadi mtaa wa bondeni, vikapita mlangoni kwa shangazi yake aliyemlea. Nzi walinasa kwenye rangi mbichi, naye akawachomoa kwa ncha ya brashi.

Kazi haikuwa na malipo. Halmashauri ilikuwa imekipiga kufuli kibanda chake cha kuchorea mabango, na Afisa Utamaduni alimwahidi ufunguo ukuta ukiisha. Jumamosi, siku mbili tu mbele, Waziri angekuja kuuzindua.

Historia alishaiandika kama alivyoagizwa: mji ulianzishwa kilimani na babu wa mwenyekiti wa halmashauri. Hakuna asiyejua kuwa ulianzia bondeni, kwa vibarua wa kinu cha pamba waliochimba visima na wake zao waliowapikia, kilima kikiwa miiba mitupu. Kinu kilipokufa, wakubwa wakahamia juu kwenye upepo, wakawaachia wenzao mtaro.

Afisa Utamaduni akatoka, kijiti cha meno mdomoni. Akaitazama ramani, akakichomoa kijiti na kugonga nacho pale bondeni.

"Hapa pafute. Paka kijani, andika Bustani."

"Mkuu, hapo wanakaa watu."

"Wanakaa kwa sasa. Wapimaji watashuka na ramani hii Jumatatu, na tingatinga nyuma yao."

Fundi Rangi akauliza hao watu wataelekea wapi. Akajibiwa kwa swali: yeye ni fundi rangi au mbunge? Mlinzi wa getini akacheka mpaka akakohoa.

"Shangazi yangu yupo hapo, mkuu. Ndiye aliyekukata kitovu."

Afisa akatazama huku na huku kama kuna aliyesikia. Kisha akakirudisha kijiti mdomoni.

"Msalimie sana. Mwambie aanze kufungasha polepole. Na wewe, nisipoona kijani, kufuli lako litaota kutu palepale."

Akaenda zake kula. Harufu ya mtaro Fundi Rangi alishaizoea. Kilichomtia kinyaa ni mkono wake mwenyewe, uliokuwa tayari umeshika kopo la kijani.

Uani, fundi paa alikuwa akichemsha lami ili kuziba paa la ofisi, Waziri asije akadondokewa na mvua. Fundi Rangi akaliweka kopo chini, akamwendea, akaomba lami kidogo.

Alipokuwa mwanagenzi aliwahi kuchapwa kofi kwa kupaka rangi juu ya doa la lami. Ni kosa la wanaoanza kazi. Rangi hukaa vizuri siku moja mbili, halafu jua huivuta lami juu, kahawia, na ukiongeza mkono mwingine wa rangi inatoka tena. Sasa akachukua brashi nyembamba, akachora kwa lami nyumba za bondeni, visima, mtaro na mlango wa shangazi. Vilipokauka akavifunika kwa kijani kilichotulia, akaandika BUSTANI kwa nyeupe.

Afisa Utamaduni alirudi akijifuta mafuta mdomoni. Akausifu ukuta, akasema sasa mji una sura, akamrushia ufunguo. Ukaangukia kwenye matope ya mtaro. Fundi Rangi akainama kuuokota, na afisa hakungoja ainuke.

Fundi paa akashuka na ndoo yake, akausogelea ukuta, akaunusa.

"Ndugu yangu, lami yangu umeipitisha chini ya hiyo kijani? Itatoka hiyo."

"Itatoka."

"Lini?"

Fundi Rangi aliufuta ufunguo kwenye suruali, akatazama jua lilivyokuwa likiuchoma ukuta.

"Waziri atakuwa bado anahutubia."