Sahihi Hadi Jumapili

Kila Jumatatu, kabla lango halijafunguliwa, mpima maji wa bwawa la kuogelea alijaza daftari la vipimo la siku saba kwa mkupuo mmoja. Klorini: sawa. Usafi: sawa. Sahihi. Meneja alipenda daftari nadhifu, na maji ya kesho hayakuwa na nafasi ya kubisha.

Jumatatu moja mchana mpima maji aliingia kwenye bwawa dogo la maji moto kuzibua chujio, akiwa na mchubuko mguuni ambao hakuufunika. Jumanne mguu ulivimba. Alhamisi alfajiri alifariki. Daftari lilionyesha kwamba siku zote hizo maji yalikuwa sawa. Meneja alitoa rambirambi na kuusifu mwandiko wa marehemu.

Ijumaa saa moja asubuhi marehemu alifika kazini, kwa kuwa alikuwa ameshasaini hadi Jumapili. Mkewe, aliyepewa likizo ya msiba ya siku moja, alikuwa langoni akiwakatia waogaji tiketi.

"Umechelewa," alimwambia.

"Ni mbali, mama watoto."

Marehemu alichovya kijikaratasi cha kupimia kwenye maji moto. Hakikubadilika rangi, klorini haikuwemo. Aliwaambia waogaji waoge kwanza kwa sabuni, mwenye kidonda akae nje, na wakitoka wavue nguo mbichi mara moja. Walimsikiliza kwa adabu inayostahili marehemu, kisha wakaingia. Walitoka na vipele vyekundu kila palipobanwa na nguo ya kuogelea. Meneja alilaumu sabuni.

Jumapili jioni mjane alikwenda ofisini. Hakuomba makubwa: daftari lijazwe siku kwa siku, baada ya kupima, ili mumewe asiwe na sahihi ya kesho na apate kupumzika.

"Shemeji," alisema Meneja kwa upole, "tukianza kupima ndipo tuandike, tutaandika nini?"

"Mtakachokiona."

"Basi itabidi tufunge."

Jumatatu Meneja alileta daftari jipya, nene. Ili kumpunguzia marehemu usumbufu, alimsainia yeye mwenyewe, mwaka mzima.

Mjane alilipekua hadi ukurasa wa mwisho. Kisha alikwenda dukani kununua bandeji isiyopitisha maji, maana kile kidonda cha mguuni kilikuwa bado wazi, na kesho saa moja asubuhi mumewe alikuwa na zamu.