Aliyejua Mlango Uko Wazi

Jumatatu asubuhi kompyuta zote za ofisi ya hati za viwanja zilionyesha maandishi mekundu yaleyale: wezi wa mtandao walikuwa wamefunga mafaili. Nje, watu wa mtaa wa Naviundu walisimama juani na bahasha zao za plastiki. Mounira, fundi pekee wa usalama wa kompyuta pale, alikuwa sakafuni kati ya nyaya tangu saa kumi na mbili.

Zamani walikuwa watatu. Raoul alichukuliwa na kampuni ya madini, Kahambu akaenda Lusaka. Kampuni hiyohiyo ilimwita Mounira pia, na mama yake, huko mtaani Bel-Air, akamsihi akubali. Lakini mkurugenzi, Papa Symphorien, alimketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamwambia kwamba serikali nayo ni mzazi, na kwamba namba yake ya utumishi, ya kumfanya mwajiriwa kamili wa serikali, iko njiani kutoka Kinshasa. Mounira akabaki. Mwaka wa nne ulikwisha, namba haijafika.

Mwezi wa tatu mwaka huu Mounira alimwandikia mkurugenzi barua: ofisi nzima inajua neno la siri la mashine kuu, tulibadilishe, la sivyo tutaingiliwa. Mkurugenzi aliigonga muhuri, akaifungia kwenye droo.

Mchana wa Jumatatu ile barua ilikuwa mbele ya Faustin, inspekta wa polisi. Symphorien ndiye aliyempa.

"Hii maandishi ni yako?"

"Ni yangu."

"Basi ulijua mulango iko wazi."

"Niliandika ili baufunge huo mulango."

"Nani mwengine alijua?"

Mounira alimgeukia mkurugenzi. Huyo alikuwa akifuta miwani.

"Binti yangu," Symphorien alisema taratibu, "kama ungekuwa na namba, ningekutetea. Lakini sur papier, kwenye makaratasi, weye hauko muntu ya hapa."

Mounira akakamatwa, akalala korokoroni usiku mbili. Hakulia. Alichokumbuka ni kile kiti, na jinsi alivyoona fahari kukikalia.

Siku ya tatu polisi wakamrudisha ofisini. Watu walikuwa wameanza kurusha mawe getini, na ofisini hakuna aliyejua kurudisha mafaili kutoka kwenye nakala aliyoihifadhi yeye. Askari alimfungua pingu, akaketi mlangoni, bunduki magotini. Mounira angeweza kukataa. Lakini mstarini alikuwa amemwona mjane ambaye shemeji zake walisubiri tu hati yake ipotee. Akaanza kazi.

Alasiri mashine ya kwanza ilifunguka, kisha ya pili. Makarani wakapiga makofi koridoni. Symphorien akaingia, akamshika bega, akamshukuru kwa uzalendo wake. Halafu akamuuliza inspekta kama kesho saa mbili wanaweza kumleta tena, maana zimebaki mashine kumi na moja.

"Hakuna shida," Faustin akajibu. "Iko kwetu, korokoroni. Hataenda fasi ingine."

Askari akasimama na pingu. Mounira alizima taa ya chumba, kama mfanyakazi yeyote anayetoka kazini, akamnyooshea mikono.