Siku Kwa Ufupi Aliponyamaza

Wanafunzi walimbatiza mwalimu wao jina la Kwa Ufupi, maana akishatamka neno hilo, walijua kipindi kinakwenda na maji. Alifundisha kazi ya kuandaa mafunzo ya wafanyakazi, na muhula huo alikuja na jambo jipya. Badala ya kuwasomea, aliwaingiza katika hoteli iliyojengwa ndani ya kompyuta. Kila mmoja, akiwa kwake, aliendesha humo kikaragosi cha kumwakilisha, akipanda ngazi na kufungua milango.

Tatizo lilikuwa hili: wageni wanalalamika vyumba vinachelewa kusafishwa, na meneja anataka wasafishaji wafundishwe upya. Wanafunzi wachunguze, waamue. Kazi ya mwalimu ni kuuliza tu.

"Kuuliza tu? Wewe?" mkewe alicheka. "Haya, baba, tutaona."

Siku ilipofika alijifungia chumbani. Kikaragosi chake, kilichovaa tai ambayo yeye mwenyewe hajawahi kumiliki, kikasimama mapokezini. Wanafunzi walipoanza tu kupanga semina ya wiki nzima, uzalendo ukamshinda.

"Kwa ufupi," alianza, "msikimbilie semina." Akaeleza, akatoa mifano, kisha akaitolea mifano ile mifano. Cha ajabu, hakuna aliyemkatiza. Sauti zao alizisikia kwa mbali, akadhani wanajadili hekima yake. Kifua kikamjaa, akaongeza mwendo.

"Mwalimu kanyamaza, tujitegemee," alisema binti mmoja waliyemwita Mpole kwa kuwa hakuwa mpole hata kidogo. "Hebu tusafishe wenyewe tuone."

Wakagawana ghorofa. Haukupita muda, vikaragosi vyote vikawa vimepanga foleni mbele ya stoo ya mashuka. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, na aliyenao alikuwa bado anatandika vitanda ghorofa ya juu.

"Semina ya nini sasa?" Mpole aling'aka. "Wafundishwe kusimama foleni? Wachongewe funguo! Mwalimu, asante. Kutuacha tuhangaike hivi ndiko kufundisha."

Kwa Ufupi alikatiza sentensi katikati. Akaikodolea macho skrini: alama ya maikrofoni ilikuwa imepigwa mstari mwekundu tangu mwanzo.

Mkewe akachungulia mlangoni. "Mimi nimekusikia jikoni kote. Nimeshahitimu, bado cheti tu."

Angeweza kuipokea ile sifa akakaa kimya. Lakini moyo ulikataa, akaibonyeza ile alama.

"Jamani, sikunyamaza. Nimeongea kipindi kizima. Maikrofoni ilikuwa imezimwa."

Hoteli nzima ikaangua kicheko.

"Basi mwalimu," Mpole akasema akihema, "tunaomba uizime tena."

Ilimchoma kidogo, kisha naye akacheka mpaka machozi. Kuanzia hapo aliizima kwa mkono wake mwenyewe, akiiwasha kwa swali moja moja tu. Maneno yaliyobaki alimpelekea mkewe, ambaye siku hizi hupika huku amefungulia redio kwa sauti ya juu.